Kompyuta mpya iliyojizima kila baada ya sekunde nne: kisa kimoja cha Moshi

## Mwenye mashine na mashine yake

Kisa hiki kilitokea Moshi, mwezi Desemba, na kiliishia mezani kwetu, sisi mafundi wa kompyuta. Mwenye mashine ni kijana anayehariri video za harusi, send-off na kipaimara. Humu ataitwa Mhariri. Jina lake, mtaa anaofanyia kazi, maduka aliyonunulia na chapa za vifaa vilivyoleta shida vimeachwa nje kwa makusudi.

Anayeijua Moshi ya Desemba hahitaji kuelezwa presha ya kazi hiyo. Watu wanapanda nyumbani kwa Krismasi, harusi zinawekwa wiki hizo hizo kwa kuwa ukoo mzima upo, na kila familia inataka video yake kabla wageni hawajarudi Dar es Salaam. Laptop ya Mhariri ilishachoka. Kurenda harusi moja, yaani kuigeuza kazi iliyohaririwa kuwa faili moja la video, ilikuwa kazi ya usiku kucha. Akaamua kujijengea kompyuta ya mezani.

Orodha yake ilikuwa ya mtu aliyefikiri. Prosesa Intel Core i5-12400F, madabodi (bodi kuu inayobeba vipuri vyote) ya saizi ndogo ya micro-ATX yenye chipseti ya B660, ramu GB 32 za DDR4, kadi ya grafiksi RTX 3060 ya GB 12, SSD ya NVMe, na pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya wati 650. Prosesa hiyo ikikazana inafika wati 117, kadi ya grafiksi imepimwa wati 170, jumla 287. Ukiongeza feni, diski na madabodi yenyewe bado unabaki na nafasi kubwa. Tunalisema hili mapema kwa sababu pawasaplai ndiyo iliyoshukiwa kwanza, na haikuwa na kosa lolote.

Vipuri vilinunuliwa Kariakoo kwa awamu. Kasha la kufungia vipuri hivyo lilikuja mwisho, kwenye buti la basi, katikati ya Desemba, safari ya zaidi ya kilomita 500 chini ya mabegi ya wasafiri wa sikukuu. Lilipofika boksi lilikuwa limebonyea kona moja. Kioo kilikuwa kizima, hivyo hakuna aliyejali.

## Mambo yalivyokwenda kabla mashine haijatufikia

Usiku wa kwanza mashine iliwaka, ikajizima, ikawaka tena yenyewe, kisha ikatoa picha. Hapo hapakuwa na ubaya. Madabodi nyingi zikiwashwa mara ya kwanza, au zikibadilishiwa ramu, hujizima na kujiwasha tena wakati zinajipanga na hiyo ramu. Mhariri akasakinisha Windows, akaweka programu zake, akalala na furaha.

Kesho yake asubuhi alibonyeza kitufe. Taa zikawaka, feni zikazunguka, kisha kimya. Akabonyeza tena, vivyo hivyo. Akachomoa waya wa umeme, akanywa chai, akaurudisha. Safari hii ikawaka na kukaa hadi mchana. Alipoizima na kuiwasha tena, ugonjwa ukarudi. Akaanza kuirekodi kwa simu kila inapofanya hivyo, kwa maneno yake, "ili fundi asije akasema ninaisingizia".

Fundi wa kwanza ni mtu anayeheshimika na mwenye mikono safi. Alifikiri kama wengi tungefikiri: mashine ni mpya, umeme haukai, basi pawasaplai. Alikuwa nayo nyingine dukani, akaiuza kwa zaidi ya laki moja na nusu, akaifunga. Mashine ikawaka na kuzimika kama jana. Akahamia kwenye ramu, akajaribu kijiti kimoja kimoja. Mabadiliko hayakuonekana.

Kisha akatoa kadi ya grafiksi ili kupunguza mzigo. Kwa bahati, safari hiyo mashine ilikaa bila kuzimika, lakini monita ikabaki nyeusi, naye akasema madabodi imekufa upande wa picha. Hapa herufi moja ilimponza. Ile F mwishoni mwa jina la prosesa inamaanisha haina grafiksi ndani yake. Ukitoa kadi kwenye mashine kama hiyo hutapata picha hata iwe nzima kiasi gani, na wala haikuambii chochote kuhusu madabodi.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyochanganya kila kitu. Alitoa madabodi kwenye kasha, akailaza juu ya boksi lake la karatasi ngumu, akachomeka pawasaplai, na kwa kuwa nyaya za kitufe hazifiki mezani, akaiwasha kwa kugusisha pini mbili kwa ncha ya bisibisi. Ikawaka. Ikakaa. Akarudisha kadi ya grafiksi, picha ikaja, Windows ikafunguka. Ndani ya kasha inazimika, nje ya kasha inakaa: akakata shauri kwamba kasha linapiga shoti.

Wazo lenyewe si la kupuuza. Madabodi hukaa juu ya vinguzo vidogo vya shaba ili mgongo wake usiguse bati. Kasha la ATX, saizi kubwa kuliko micro-ATX, lina matundu ya vinguzo kwa madabodi za saizi tofauti, na ukiweka micro-ATX huku kinguzo kimoja kimeachwa mahali pasipo na tundu la skrubu, kitagusa nukta za risasi mgongoni mwa bodi. Fundi alikagua, hakukuta kinguzo cha ziada. Hata hivyo alibandika utepe wa umeme mgongoni mwa bodi na kuondoa kinguzo kimoja cha katikati, "kwa usalama". Alipoifunga ikafanya kazi jioni nzima. Asubuhi ikazimika. Ndipo alipomwambia Mhariri atafute madabodi nyingine.

## Alipotufikia

Mashine ililetwa kwa bajaji, imefungwa kwa shuka. Mhariri alikuwa ameshakata tamaa.

"Kaka, sema tu ni madabodi nitafute hela. Harusi ya Jumamosi inanisubiri."

"Tulia kwanza, mdogo wangu. Hizo klipu ulizorekodi unazo bado?"

Alikuwa nazo. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutogusa skrubu yoyote hadi tuzione. Sababu ni rahisi: mashine ilikuwa imeshafunguliwa mara nyingi, kila mara imebadilishwa kitu, na kila mara dalili imekuja na kuondoka kwa wakati wake. Kuifungua tena kungeongeza jambo jingine la kukisia. Klipu zilikuwa ushahidi wa kabla bisibisi haijaingia, pamoja na wa baada ya kila tengenezo.

Hapo ujuzi wa mwenye mashine ukafanya kazi kuliko wetu. Alifungua laptop yake ya zamani, akaziweka klipu kwenye programu ya kuhariri, moja juu ya nyingine, akazipanga zote zianze pale taa ya kitufe inapowaka. Simu yake inarekodi fremu 30 kwa sekunde, hivyo angeweza kuhesabu kwa fremu. Klipu zote zilizima baada ya sekunde nne na kitu. Tofauti kati ya inayowahi na inayochelewa haikufika theluthi moja ya sekunde. Iliyorekodiwa na pawasaplai ya kwanza, iliyorekodiwa na ya pili, yenye ramu mbili, yenye ramu moja: zote sawasawa.

Kifaa kinachokufa kwa hitilafu hakifi kwa saa. Pawasaplai mbovu, shoti, soketi iliyolegea, joto, vyote hivyo vinayumba. Leo sekunde mbili, kesho kumi, ikipoa inakaa zaidi. Muda usiobadilika hata ukibadilisha vipuri ni dalili ya kitu kinachohesabu, yaani mashine haikuwa inashindwa kuwaka, ilikuwa inatii amri ya kuzima. Na karibu kwenye kila kompyuta ya leo ipo amri moja inayojulikana ya muda huo. Kwa mujibu wa kanuni za ACPI, zinazosimamia namna kompyuta inavyowashwa na kuzimwa, ukishikilia kitufe cha kuwashia zaidi ya sekunde nne mashine inakatwa umeme kwa nguvu. Ndiyo njia ambayo kila mtu anaitumia kompyuta ikiganda.

Dalili ya pili ilikuwa kwenye klipu hizo hizo. Mashine ikishazima, taa ndogo ya akiba kwenye madabodi inabaki inawaka, na Mhariri akibonyeza tena, inawaka papo hapo. Pawasaplai iliyojikata kwa kinga ya shoti mara nyingi hujifunga. Utabonyeza kitufe usione kitu mpaka umechomoa umeme na kuusubirisha kidogo.

Sasa tukafungua ubavu. Uamuzi wa pili: madabodi isitoke kwenye kasha, ramu zisiguswe, kadi ya grafiksi ibaki. Kitu kimoja tu kitolewe, nacho ni plagi ndogo ya nyaya mbili za kitufe. Kwenye madabodi nyingi zinazofuata mpangilio wa Intel, safu ile ya pini tisa iliyo pembeni chini ina kitufe cha kuwashia kwenye pini ya 6 na 8, na cha kurisetia kwenye 5 na 7. Tukachomoa ya kuwashia, tukagusisha 6 na 8 kwa bisibisi mara moja na kuiachia. Ikawaka. Sekunde nne zikapita, zikapita kumi, Windows ikafunguka. Tukaizima na kuiwasha tena kwa njia hiyo hiyo, kisha tena. Haikuzimika.

Baada ya hapo mita ilimaliza ubishi. Tuliiweka kwenye mlio na kushika ncha mbili za waya wa kitufe, hakuna kidole juu yake: mita inalia. Kitufe kilikuwa kimefunga saketi bila kubonyezwa. Ukikitikisa kidogo, inanyamaza. Ukikibonyeza na kukiachia, mara inanyamaza mara inaendelea. Tukavua bati la juu la kasha, tukaona kona iliyobonyea safarini imevuta tundu la kitufe upande. Plastiki ya kitufe inasugua ukingo na hairudi juu yote.

## Tulichoamua kufanya, na tulichokataa kufanya

Kukwangua ukingo wa tundu kwa msasa kungechukua dakika chache, na Mhariri alitaka hivyo. Tulikataa kwa siku hiyo. Swichi yenyewe ndani ya kitufe ilishabanwa kwa siku kadhaa, na hatukuwa na njia ya kujua kama springi yake ya ndani itaendelea kurudi. Kasha lina kitufe cha pili, cha kurisetia, ambacho watu wengi hawakigusi mwaka mzima. Kwa umeme ni swichi ile ile ya kugusa na kuachia. Tulikipima kwa mita, kikawa wazi kikiachiwa na kikafunga kikibonyezwa, kila mara bila kusita. Tukakihamishia pini 6 na 8. Kuanzia hapo Mhariri anawasha kompyuta yake kwa kitufe kidogo cha pembeni.

Kilichofuata kilikuwa kuondoa matibabu ya ugonjwa usiokuwepo. Utepe ulitoka mgongoni mwa bodi, na kinguzo cha katikati kikarudi. Kinguzo hicho si pambo. Bila yeye, bodi inapinda kila unapokandamiza ramu au kadi ya grafiksi, na njia nyembamba za shaba zilizomo ndani ya bodi hazipendi kupindwa.

Pawasaplai ya kwanza tuliipima nje ya mashine. Ukiunganisha pini ya 16 na ya 17 kwenye plagi kubwa ya pini 24, ule waya wa kijani na jirani yake mweusi kwa pawasaplai zenye rangi, inawaka bila madabodi. Volti 12, 5 na 3.3 zote zilikuwa ndani ya asilimia 5 inayoruhusiwa, maana yake ile ya 12 inapaswa kusomeka kati ya 11.4 na 12.6. Kipimo hiki hakithibitishi pawasaplai ikiwa na mzigo, na wanaokiamini peke yake hujidanganya. Kwa hiyo tuliirudisha kwenye mashine na kuiacha ifanye kazi mchana wote huku tukiitazama. Tulirudisha na nyaya zake zote, hata zile zilizoonekana zinafanana na za ile nyingine. Upande unaoingia kwenye pawasaplai hakuna kanuni inayowalazimisha watengenezaji kupanga pini kwa namna moja. Waya wa chapa moja unaweza kuingia vizuri kabisa kwenye pawasaplai ya chapa nyingine na kupeleka volti 12 mahali pa volti 5, na hapo SSD yenye harusi ya mtu ndiyo inayolipa.

## Kabla wiki haijaisha

Alipiga simu jioni. "Fundi, imezima tena. Ila si kama mwanzo."

Hilo neno la mwisho lilituokolea muda mwingi, kwa sababu mtu mwingine angesema tu imezima tena, na sote tungerudi kuangalia kitufe. Tulimwuliza ilikuwa inafanya nini. Ilikuwa inarenda. Na asubuhi, je, alipokuwa anakata na kupanga klipu tu? Ilikaa vizuri. Imezima yenyewe tu au na monita? Hapo akanyamaza kidogo. Na monita, na ruta, na spika. Kulikuwa na mlio pia, piii ndefu, kisha giza juu ya meza yote.

Kitu kilichozima si kompyuta tena, ni UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Ilikuwa ile aliyoitumia na kompyuta ya ofisi zamani, imeandikwa kwa herufi kubwa 650 VA, yaani volti mara ampea, si wati. Mgongoni, kwa maandishi ya kuchoshea macho, imeandikwa 360 W. Kilichobeba mzigo ni namba ya pili. Tuliweka kipimawati cha plagi: kompyuta ikiwa imetulia inakula wati 70 hivi, ikirenda inapanda hadi 310. Monita mbili, spika na ruta zikaongeza karibu 70. Jumla 380 kwenye kifaa cha 360. Jioni, umeme ukishuka na UPS kuanza kujaribu kuupandisha au kuhamia betri, ndipo ilipokuwa inashindwa.

Tulijaribu kurenda mradi ule ule mchana, mashine ikiwa imechomekwa ukutani moja kwa moja, nakala za kazi zikiwa zimehifadhiwa kwenye diski ya nje kwanza. Ilimaliza bila kikwazo.

Dawa kamili ilikuwa UPS kubwa, na Mhariri hakuwa na hela. Laki na nusu yake ilishaliwa na pawasaplai asiyoihitaji. Kumwacha arende bila UPS mwezi huo wa umeme kucheza hatukukubali. Tukaingia BIOS, mipangilio ya madabodi yenyewe kabla Windows haijafunguka, na kushusha kikomo cha nguvu cha prosesa kutoka 117 hadi wati 65, cha muda mrefu na cha muda mfupi vyote viwili. Monita moja, spika na ruta vikatoka kwenye UPS na kuhamia ukutani. Monita nyingine ikabaki, ili umeme ukikatika aone anachohifadhi. Kwenye kurenda alipoteza muda kidogo tu, kwa sababu kazi kubwa ya kusimba video alikuwa ameshaielekeza kwenye kadi ya grafiksi.

## Matokeo

Harusi ya Jumamosi na zilizofuata zilitoka. Januari, baada ya malipo ya msimu kuingia, alinunua UPS ya 1500 VA iliyoandikwa 900 W na inayotoa wimbi laini hata ikiwa kwenye betri. Tulirudisha prosesa kwenye kikomo chake, tukaanza kurenda, tukachomoa UPS ukutani katikati ya kazi. Iliendelea. Pawasaplai ya pili aliiuza kwa hasara. Kitufe cha asili alikisugua mwenyewe kwa msasa na sasa kinarudi vizuri, lakini nyaya amezikataa zisirudishwe.

## Uchambuzi

Kipimo cha kutoa madabodi nje ya kasha ni kizuri, na tunakitumia. Tatizo lake hapa ni kwamba kilibadilisha mambo mawili kwa mpigo. Bodi ilipolazwa mezani iliachana na bati, ndiyo, lakini iliachana na kitufe pia. Fundi aliona la kwanza kwa kuwa ndilo alilokuwa analitafuta. La pili lilipita kwa sababu bisibisi kwenye pini ni kitu cha kawaida mno, mkono unafanya bila kuuliza kichwa. Kama angeiwasha kwa bisibisi bodi ikiwa bado ndani, au angeiwasha mezani kwa kitufe cha kasha kilichosogezwa karibu, jibu lingepatikana siku ile ile. Hatusemi hili kumdharau. Alikagua vinguzo kabla ya kulaumu, jambo ambalo wengi hawafanyi, na hakuunguza kitu.

Kubadilisha vipuri nako ni namna ya kupima, lakini kwa sharti moja ambalo biashara huivunja kirahisi: kipuri cha majaribio kiwe cha fundi, kinachojulikana ni kizima, na kirudi kabatini jaribio likiisha. Kipuri kikishauzwa kabla ya kupima, fundi ana sababu ya kutamani kiwe ndicho jibu, na mteja analipa hata kama si jibu. Pawasaplai ya pili ilipoonyesha dalili ile ile, kulikuwa na taarifa kubwa hapo, kwamba pawasaplai ya kwanza haina kosa. Taarifa hiyo haikutumiwa. Kipuri kipya kiliachwa ndani na cha zamani kikawekwa pembeni kama kibovu.

Hali ya kukaa na kutokukaa iliwapoteza wote. Kila fundi alipogusa kitu, kasha lilitikisika, kitufe kikarudi juu, mashine ikapona kwa saa kadhaa, na alichokigusa mwisho kikapewa sifa. Utepe "ulifanya kazi" jioni nzima. Kwa ugonjwa wa kuja na kuondoka, mashine kuwaka vizuri mara moja baada ya tengenezo hakuthibitishi chochote; sharti uweze kuurudisha ugonjwa kwa kutaka, kama mita ilivyolia na kunyamaza tulipotikisa kitufe.

Kuhusu muda, tungependa mafundi wenzetu wauchukulie kama kipimo sawa na volti. Mashine mpya inayozima ndani ya nusu sekunde, feni hazijamaliza hata kuzunguka, hiyo angalia shoti: kinguzo kilichokaa vibaya, skrubu iliyodondoka chini ya bodi, plagi ya kadi ya grafiksi iliyolazimishwa kwenye soketi ya prosesa. Sekunde nne zisizobadilika, kitufe. Inayokaa dakika kadhaa kisha ikazima, na ukiiwasha mara moja inazima mapema zaidi, hiyo ni joto. Kipozeo cha prosesa kina mguu mmoja haujaingia, au karatasi ya plastiki ya kiwandani haijabanduliwa chini yake. Prosesa za sasa hujipunguza kasi kwanza zikifika joto la juu, nyuzi 100 kwa hii ya Mhariri, kwa hiyo mara nyingi utaona mashine inakuwa nzito kabla haijazima. Inayozima pale tu kazi nzito inapoanza, piga hesabu ya wati kuanzia ukutani hadi ndani, usianzie pawasaplai. Na inayozima jioni tu, uliza jirani kama taa zake nazo zinafifia.

Kosa la pili lilikuwepo tangu mwanzo, lilijificha nyuma ya la kwanza. Mashine isiyokaa sekunde tano haiwezi kurenda, na isiporenda haiwezi kuielemea UPS. Kama tungeikabidhi mashine baada ya kuona Windows tu, bila kumweleza Mhariri aangalie inafanya nini ikizima, simu ya jioni ingekuwa ya lawama badala ya maelezo. Tangu kisa hiki, mashine mpya haiondoki mezani kwetu kabla haijafanya kazi halisi ya mwenyewe, na vifaa vile vile vitakavyoizunguka nyumbani vikiwa vimechomekwa, UPS ikiwemo.

UPS hiyo inastahili neno la ziada kwa sababu ndiyo kifaa kinachonunuliwa kwa macho kuliko vyote. Mnunuzi anasoma 650, anakumbuka pawasaplai yake imeandikwa 650, anaona zimelingana. Hazilingani. Namba ya pawasaplai ni wati inazoweza kutoa, si inazokula muda wote, na namba kubwa ya UPS ni VA, ambayo kwenye UPS ndogo wati zake ni kidogo zaidi ya nusu. Muuzaji asipokuonyesha wati, geuza boksi uzitafute. Kisha jumlisha kila kitu kitakachochomekwa hapo, na ukinunua acha angalau robo ya uwezo wake ibaki bila kazi, kwa ajili ya betri itakayozeeka.